Kumiliki na Kukabidhiwa

Kumiliki huonekana jambo lililo wazi: kitu ni changu kwa kuwa nimekinunua, nimekirithi au nimepewa, na hati ninayo. Lakini ipo miji ambayo ukiizunguka na wanao, uhakika huo huanza kuyumba. Mmojawapo ni Udaipur, katika jimbo la Rajasthan, India.

Mtoto akipandishwa mashua katika Ziwa Pichola, kila jengo huliulizia: la nani hili? Jumba jeupe lililo katikati ya maji lilijengwa na Maharana, yaani mfalme, Jagat Singh wa Pili, likakamilika 1746, ili mtawala apate pa kujiburudisha. Tangu miaka ya 1960 ni hoteli. Kasri la ukingoni lilianzwa na Udai Singh wa Pili, mwasisi wa mji. Sasa sehemu yake ni makumbusho. Na ziwa lenyewe? Hapo mzazi husita. Ziwa hilo ni kazi ya mikono ya watu, na masimulizi ya huko yanasema aliyelianzisha, mwaka 1362, ni mfanyabiashara wa nafaka wa jamii ya Banjara, watu wa misafara. Mfalme alikuja karibu karne mbili baadaye, akayakuta maji, akalipanua ziwa na kujenga kando yake.

Watawala wa Mewar, ufalme wa Udaipur, walikuwa na jibu lao. Mwenye ufalme, walisema, ni Eklingji, yaani mungu Shiva, ambaye hekalu lake liko kaskazini mwa mji. Maharana ni waziri wake tu. Kwa mujibu wa imani hiyo, mfalme alikalia kiti kisicho chake.

Mwenye shaka atasema hiyo ni hila. Ukiwa waziri wa mungu, anayekupinga amempinga mungu, na kodi unayotoza ni kodi takatifu. Shaka hiyo ina haki yake. Maharana Bhagwat Singh alipofariki mwaka 1984, wanawe walishindania mali ya ukoo mahakamani kwa miongo kadhaa. Kusema "si changu" hakumzuii mtu kung'ang'ania.

Je, basi tuseme ni mali ya wote? Nako kuna mtego. Maziwa ya Udaipur yamepokea majitaka na takataka za mji unaoishi kwa watalii wanaokuja kuyatazama. Cha wote kisicho na wa kuulizwa hugeuka jalala.

Kwa maoni yangu, tunakosea tunapoanza na swali la nani mwenye haki. Tuanze na swali la nani ana wajibu, na nani anaweza kumdai. Maji hutusaidia kuliona hilo kwa sababu hayadanganyiki kwa hati. Pichola hutegemea mvua za masika ya huko. Mvua zinapokatika miaka mfululizo, ziwa hukauka, na jumba la kifahari hubaki limesimama juu ya udongo mkavu. Ziwa jirani, Fateh Sagar, lina jina la Maharana Fateh Singh kwa sababu alilijengea upya tuta mwishoni mwa karne ya 19, baada ya lile la zamani kuharibiwa na mafuriko. Ziwa lilikuwapo kabla yake. Alichokifanya ni kulirudisha, na kwa hilo tu jina lake limestahili.

Kwa kipimo hicho, yule mchuuzi wa nafaka ana dai zito kuliko wengi waliozaliwa kasrini. Kipimo hichohicho kinatuhusu sisi wenye viwanja, visima na nyumba za urithi. Anayesema kitu ni chake, na aonyeshe kwanza alichokiongeza, alichokitengeneza, na hali atakayokiacha nayo kwa watakaokuja. Akishindwa, hati yake ni karatasi.