Ushahidi juu ya Mwombaji Kazi: Haki ya Kujua na Wajibu wa Kusitiri

Mwajiri anapompigia simu mwajiri wa zamani kuuliza habari za mwombaji kazi, huwa anaomba ushahidi, ingawa hapana hakimu wala kiapo. Na yule anayeijibu simu hiyo, kwa maneno machache tu, anaweza kumfungulia mtu riziki au kumfungia. Uchunguzi wa namna hii, ambao nchini Tanzania umezoeleka kwa jina la upekuzi na ambao Wakenya husema mwombaji anapigwa msasa, una sehemu kuu tatu: kuhakiki vyeti kwa chombo kilichovitoa, kuwauliza wadhamini, yaani watu waliotajwa na mwombaji mwenyewe ili wathibitishe sifa zake, na kutazama rekodi za polisi na za madeni. Mara nyingi mambo haya huzungumzwa kama taratibu za kiofisi zisizo na uzito wa kimaadili, lakini ndani yake mna swali ambalo wanazuoni wa dini walilihangaikia karne nyingi kabla ya kuwapo kwa idara za rasilimali watu: ni sehemu gani ya maisha ya mtu inayoweza kufunuliwa kwa haki mbele ya yule anayetaka kumwamini, na ni ipi inayopaswa kusitiriwa? Makala haya yanashikilia kwamba uchunguzi huo ni halali, na katika kazi nyingine ni wajibu kabisa, lakini uhalali wake unategemea masharti yale yale yanayoutawala ushahidi: anayesema awe anajua, aseme linalohitajika tu, atoe sababu ya anayoyasema, na asimfungie mtu mlango wa kutubu.

Uhalali wenyewe unatokana na dhana ya amana, yaani kitu cha mwingine kilichowekwa mikononi mwa mtu akitunze. Mwalimu hukabidhiwa watoto, muuguzi hukabidhiwa wagonjwa, na mweka hazina hukabidhiwa fedha za watu, hivyo anayeajiri bila kuuliza huwa ameiweka amana ya wengine hatarini. Katika Sura ya Al-Qasas, aya ya 26, Qur'ani inasimulia jinsi binti wa mzee wa Madyan alivyomshauri baba yake amwajiri Musa, akitoa hoja kwamba anayefaa zaidi kuajiriwa ni mwenye nguvu na mwaminifu. Wafasiri wameeleza kwamba nguvu hapa ni uwezo wa kuitenda kazi yenyewe, na uaminifu ni tabia ya kutoihini, na baadhi yao husimulia kwamba mzee alimuuliza binti amejuaje yote hayo, naye akayataja aliyoyaona kwa macho yake: namna kijana yule alivyofanya kazi kisimani na staha aliyoionyesha njiani. Kwa hiyo tangu mwanzo pendekezo la kuajiri liliambatana na swali la ushahidi, na swali hilo halikuhesabiwa kuwa dharau kwa Musa.

Madhara ya kuacha kuuliza yalionekana wazi nchini Tanzania mwezi Aprili 2017, uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma ulipobaini kwamba watumishi zaidi ya 9,900 walikuwa na vyeti vya kughushi. Kila mmoja wao alikuwa ameketi katika nafasi ambayo pengine ilistahili kijana aliyesoma na kufaulu kwa jasho lake, na wananchi waliohudumiwa nao walikuwa na haki ya kupata huduma ya mtu aliyefunzwa kweli. Kughushi cheti, basi, si hila baina ya mwombaji na mwajiri pekee, kwa kuwa wanaodhulumiwa ni wengi na hawapo mezani siku ya usaili.

Hata hivyo, Sura ya Al-Hujurat, ambayo katika aya yake ya 6 inawaamuru waumini kuzihakiki habari zinazoletwa na mtu asiyeaminika ili wasije wakawadhuru watu kwa kutojua, katika aya ya 12 inakataza dhana mbaya, kupeleleza aibu za watu na kusengenyana. Kusengenya, au ghiba, katika mafundisho ya Mtume Muhammad (S.A.W.) ni kumtaja mtu asiyekuwepo kwa jambo la kweli ambalo angechukia kutajwa nalo; likiwa si kweli, hilo ni uzushi, na ni dhambi nyingine iliyo nzito zaidi. Hapa ndipo ugumu wa swali unapojitokeza, kwa sababu mwajiri wa zamani hawezi kujitetea kwa kusema tu kwamba aliyoyasema yalikuwa ya kweli, maana ukweli peke yake hauitoi kauli katika ghiba, na inayoweza kuitoa ni haja ya haki isiyotimizika bila kauli hiyo.

Imamu an-Nawawi, mwanazuoni wa madhehebu ya Shafi aliyefariki mwaka 1277 na ambaye vitabu vyake vimesomeshwa kwa vizazi vingi katika madrasa na misikiti ya pwani ya Afrika Mashariki, alizitaja sababu sita zinazoruhusu kumtaja mtu kwa kasoro zake, na mojawapo ni kuwaonya watu na kumpa nasaha anayetaka ushauri kuhusu ndoa, ushirika wa biashara au kumwekea mtu amana. Miongoni mwa dalili za ruhusa hiyo ni hadithi ya Fatima binti Qays, aliyemwendea Mtume kumweleza kwamba Muawiya na Abu Jahm wote wawili wamemposa, naye akaambiwa kwamba wa kwanza hana mali na wa pili ni mkali kwa wake zake. Inafaa kuzingatia kwamba jibu hilo liligusa mambo mawili tu yanayohusu ndoa moja kwa moja, na halikugusa nasaba ya wanaume hao wala makosa yao mengine. An-Nawawi alikwenda mbali zaidi kwa kueleza kwamba, ikiwa lengo linatimia kwa kumwambia muulizaji kuwa jambo hilo halimfai, basi haijuzu kuongeza utajo wa kasoro.

Kutokana na mpaka huo inapatikana kanuni ya kwanza ya uchunguzi wa ajira, nayo ni kwamba swali lipimwe kwa kazi. Rekodi ya wizi inamhusu anayeomba kazi ya kutunza fedha, na rekodi ya kuwadhuru watoto inamhusu anayeomba kazi ya ualimu, lakini kabila la mtu, ugomvi wa nyumbani kwake, maradhi yasiyomzuia kufanya kazi au deni la karo linalolipwa polepole havihusiani na kazi ya kuendesha lori au kupanga vitabu maktabani. Nchini Kenya, ambako waajiri wamezoea kudai cheti cha tabia njema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai pamoja na vyeti vya mamlaka ya ushuru, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, tume ya maadili na shirika la taarifa za mikopo, swali hili si la nadharia hata kidogo, kwa kuwa kijana ambaye hajawahi kupata mshahara hudaiwa kuthibitisha kwamba halipi deni kwa kuchelewa, ilhali mshahara anaoutafuta ndio ambao ungelilipa deni hilo.

Kanuni ya pili inahusu elimu ya shahidi. Inasimuliwa kwamba Khalifa Umar bin al-Khattab aliletewa mtu wa kumthibitisha shahidi, naye akamuuliza kama ni jirani yake anayejua kuingia na kutoka kwake, kama amewahi kufanya naye muamala wa dinari na dirhamu, na kama amewahi kusafiri naye. Alipojibu kwamba hayo yote hayakuwahi kuwa, Umar alimwambia kuwa basi hamjui mtu huyo. Mwombaji kazi ana mengi ya kujifunza hapo. Matangazo ya nafasi za kazi ya Sekretarieti ya Ajira ya Tanzania huwataka waombaji kutaja wadhamini watatu wa kuaminika, na wengi huvutiwa kuandika majina ya wakubwa ambao hawajawahi kufanya nao kazi hata siku moja, wakidhani kwamba cheo cha mdhamini ndicho kitakachowabeba. Kwa kipimo cha Umar, msimamizi wa zamu aliyemwona mtu akichelewa na akijirekebisha, akikosea hesabu na akiirudia, ni shahidi bora kuliko kiongozi aliyempa mkono mara moja harusini. Uungwana unadai pia kwamba mdhamini aombwe ridhaa kabla ya jina lake kuandikwa na aelezwe kazi inayoombwa. Naye akiona hana la kusema kwa elimu, aseme hivyo mapema ili mwombaji atafute mwingine.

Kanuni ya tatu ni kutoa sababu. Wataalamu wa elimu ya hadithi walijenga taaluma nzima ya kuwapima wapokezi, iitwayo al-jarh wa't-ta'dil, yaani kutia dosari na kuthibitisha uadilifu, na Ibn as-Salah, aliyefariki mwaka 1245, alieleza kwamba kauli iliyo sahihi na mashuhuri ni kuwa sifa nzuri hukubaliwa bila kutajiwa sababu, kwa kuwa sababu zake ni nyingi mno kuorodheshwa, lakini dosari haikubaliwi mpaka ifafanuliwe, kwa kuwa watu hutofautiana katika yale wanayoyahesabu kuwa dosari, na huenda mtu akamwangusha mwenzake kwa jambo ambalo haliangushi. Hekima hii ingewaokoa waombaji wengi ambao hukataliwa kwa sababu ya mguno kwenye simu, au kwa sentensi moja isemayo kwamba kampuni haiwezi kumpendekeza mtu huyo. Yamkini kosa lake lilikuwa kudai malipo ya saa za ziada, au kukataa kutia saini hesabu asizoziamini, na mwajiri mpya angeyajua hayo angemwona kuwa ndiye hasa anayemtafuta.

Sheria za kisasa zimelifikia jambo hili kwa njia nyingine. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi anayeondoka cheti cha utumishi kinachoonyesha muda na aina ya kazi aliyoifanya, isipokuwa kama utumishi wenyewe haukufika wiki nne mfululizo, lakini haimlazimishi kutoa maoni juu ya tabia au utendaji wake. Na nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nayo inataka cheti cha utumishi kitolewe ajira inapokoma. Nchini Uingereza, mwaka 1994, mahakama ya juu ya nchi hiyo wakati huo, iliyokuwa ndani ya Baraza la Malodi, iliamua kwamba mwajiri anayetoa maelezo kuhusu mfanyakazi wake wa zamani ana wajibu wa kuchukua uangalifu, na akimharibia kwa uzembe anaweza kuwajibishwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 zimempa mtu haki ya kujua taarifa zake zinakusanywa kwa lengo gani, ya kuziona, na ya kudai zisahihishwe zikiwa na makosa, ingawa kwa masharti ambayo sheria zenyewe zimeyaweka.

Haki ya kusikilizwa ina mizizi mirefu. Nabii Yusuf, alipoitwa na mfalme kutoka gerezani, hakukimbilia uhuru, bali alitaka kwanza wanawake waliohusika na kesi yake waulizwe. Na walipotoa ushahidi wa kumtakasa ndipo alipoomba kusimamia hazina za nchi, akijieleza kuwa ni mlinzi na mjuzi. Kisa hiki kinafundisha kwamba rekodi ya gereza si ushahidi wa hatia mpaka jambo lichunguzwe, na kwamba mtu kuzitaja sifa zake za kweli mbele ya mwenye kutoa kazi si majivuno.

Inabaki hali ya mtu ambaye kweli alikosa. Mafakihi walihitilafiana juu ya mtu aliyeadhibiwa kwa kumsingizia mwenzake zinaa: wanazuoni wa madhehebu ya Hanafi walisema ushahidi wake haukubaliwi tena hata akitubu, ilhali maimamu Shafi, Malik na Ahmad walisema toba inamrudishia sifa ya kuwa shahidi. Wanazuoni wengi wa madhehebu ya Shafi waliweka muda wa kumtazama mwenye kutubu, nao ni mwaka mmoja, ili misimu yote minne impitie naye akiwa amethibiti. Msimamo huu una uadilifu wa pande mbili, kwa kuwa hauridhiki na maneno matupu ya toba, wala haumhukumu mtu maisha yake yote kwa siku moja ya maisha hayo. Katika Agano Jipya, Waraka wa Paulo kwa Filemoni unafanya kazi kama barua ya udhamini kwa Onesimo, mtumwa aliyeachana na bwana wake. Paulo haufichi wakati ambao Onesimo hakuwa na faida, lakini anashuhudia mabadiliko yake na kuahidi kulipa mwenyewe deni lolote. Hata Tanzania, mwaka 2022, Serikali iliamua kuwarejeshea walioondolewa kwa vyeti vya kughushi michango yao ya hifadhi ya jamii, kwa maana kwamba adhabu ya kosa haifuti kila haki ya mkosaji.

Kutokana na yote haya, wajibu umegawanyika. Mwombaji aseme kweli kuhusu vyeti vyake, tarehe zake na sababu za kuacha kazi, na ikiwa ana kosa la nyuma linaloihusu kazi anayoiomba, alitaje mwenyewe kabla halijatajwa na mwingine, pamoja na aliyoyafanya tangu hapo. Mdhamini aseme anayoyajua, kwa kadiri ya haja, na awe tayari kuyarudia mbele ya anayemsema. Mwajiri naye aulize yanayohusu kazi tu, ayatunze anayoambiwa, na kabla ya kumkataa mtu kwa kauli ya mwingine, amwite amsikilize. Kumnyima mtu riziki kwa neno ambalo hakupewa nafasi ya kulijibu ni dhuluma, hata kama neno hilo ni la kweli.