Sindano, Kisu, na Uso wa Mzee



Siku hizi simu zimefika hata katika vijiji vya Fizi, na picha za mataifa yote zafika pamoja nazo. Kwa hiyo hata sisi wa Baraka, kandokando ya ziwa Tanganyika, twaweza kuulizwa swali ambalo babu zetu hawakuulizwa: mtu aliyekunjamana ngozi ya macho kwa ajili ya uzee, je, afadhali achomwe sindano ya kujaza, ama apasuliwe kope na daktari? Ni wachache kwetu wawezao kulipa gharama zake. Lakini ndani ya swali hilo limo jingine linalotuhusu sote: je, uso wa mzee ni aibu?

Kwanza tuyafahamu mambo yenyewe, maana asiyejua hawezi kuchagua vema. Ngozi ya kope ni nyembamba kuliko ngozi yote nyingine ya mwili. Miaka ikipita hulegea, na jua pamoja na moshi wa tumbaku huharakisha jambo hilo. Kwa wengine mafuta yaliyo chini ya jicho husukumwa mbele yakafanya vifuko. Kwa wengine nyama hupungua, pakabaki bonde.

Sindano ni kwa ajili ya bonde. Daktari hutia chini ya ngozi kitu kizito kama ute, na kitumiwacho zaidi huitwa asidi ya hialuroniki. Hakidumu daima: baada ya miezi kadhaa, pengine mwaka au zaidi, huyeyuka, na mtu hurudi kulipa tena. Daktari akikosea, aweza kukiyeyusha kwa dawa nyingine. Lakini sindano haifai kwa ngozi iliyolegea sana, wala kwa vifuko vikubwa, kwa kuwa huzidisha uvimbe. Hapo ndipo kisu hutumika: ngozi iliyozidi hukatwa, na mafuta huondolewa au hupangwa upya. Kazi ya kisu hudumu miaka mingi. Lakini ngozi iliyokatwa hairudi.

Watu husema, "Sindano ni ndogo, basi na hatari yake ni ndogo." Sivyo. Kitu kile kikiingia katika mshipa wa damu chaweza kuziba njia ya damu iendayo jichoni, na mtu akapofuka asipone. Jambo hilo ni la nadra, lakini limekwisha kutokea. Kisu nacho kina hatari zake: damu yaweza kuvuja nyuma ya jicho ikaharibu uwezo wa kuona, na ngozi ikikatwa kupita kiasi, kope hazifumbiki, jicho likakauka. Basi yeyote atakayechagua, na asimkabidhi macho yake mtu asiye daktari, eti kwa sababu bei yake ni nafuu.

Sasa tuje kwenye dhamiri. Tarehe 4 Oktoba 1958, siku tano kabla ya kufa kwake, Papa Pius XII alizungumza na waganga wa Italia wanaofanya upasuaji wa kurekebisha mwili. Hakuwaambia kwamba kazi yao ni dhambi. Aliwafundisha ya kuwa uzuri wa mwili ni jambo jema, lakini si jema lililo kubwa kupita yote. Nao umewekwa chini ya mema ya roho. Kwa hiyo tendo hilo laweza kuwa halali, ikiwa nia ni njema, ikiwa afya hailetewi hatari kubwa, na ikiwa sababu yatosha kwa uzito wa tendo. Bali haliwi halali kwa mtu atakaye kuwavuta wengine dhambini, wala kwa mhalifu atakaye kubadili uso ili asikamatwe.

Tupime kwa mfano. Mzee mmoja kope zake za juu zimening'inia hata zikafunika mboni. Akienda shambani hujikwaa. Kwake kisu ni tiba, wala asione haya kukipokea. Mwingine uso wake uliharibiwa na moto au risasi: naye ana haki ya kutengenezewa. Tena ufundi huu ulikua sana katika vita vya 1914 hadi 1918, daktari Harold Gillies na wenziwe walipowatengenezea nyuso askari waliojeruhiwa. Mama wa tatu macho yake ni mazima, ila ana bonde chini yake, nalo lamhuzunisha. Ikiwa ana fedha zisizo karo ya watoto wala chakula cha nyumba, na daktari wa kweli amemweleza hatari, sindano iwezayo kuyeyushwa ni afadhali kuliko kisu kisichorudishwa. Wala jirani asimhukumu. Lakini wa nne ataka kukatwa kwa kuwa mumewe amemdharau akisema, "Umezeeka." Huyu sindano haitamponya, wala kisu. Jeraha lake haliko katika kope zake, liko katika kinywa cha mumewe.

Hapo, ndugu zangu, tumefika kwenye shina la neno. Ng'ambo ya ziwa letu, katika nchi ya Wasukuma huko Tanzania, katika miaka ya 1990 na iliyofuata, wanawake wazee wengi waliuawa kwa kudhaniwa kuwa wachawi; na alama moja waliyoshtakiwa kwayo ilikuwa macho mekundu. Wekundu ule waliupata kwa kupika miaka mingi penye moshi wa jikoni. Walikuwa wamewalisha watoto na wajukuu, na alama ya kazi yao ikageuzwa kuwa ushahidi wa kuwaua. Wala sisi wa upande huu tusijisifu, kwa maana Kivu nayo yamejua mashtaka ya namna hiyo. Wazee wale, je, walihitaji kutengenezewa macho? Hasha! Waliopaswa kuponywa ni wale waliowatazama.

Basi, msichague kati ya sindano na kisu kabla ya kujiuliza: naumwa nini, na ni nani aliyeniambia kwamba naumwa? Tena msikimbilie krimu za sokoni zilizotiwa zebaki, kwa maana hiyo ni sumu iharibuyo figo. Na kama nyumbani mwenu yuko bibi anayeona ukungu, na weupe waonekana katika mboni yake, huo waweza kuwa mtoto wa jicho. Mpelekeni hospitali, kwa kuwa upasuaji huo waweza kumrudishia kuona. Fedha ya nyumba ikiwa haba, itangulie kumsaidia anayetaka kuona kabla ya anayetaka kuonekana.

Wazee walisema, "Penye wazee haliharibiki neno." Kesho mkimsalimu mzee njiani, mtazameni usoni bila haraka, mkamwamkie kwa heshima. Heshima hiyo hainunuliwi kwa daktari yeyote. Kila mmoja wetu aweza kuitoa leo.