Mshtakiwa Ana Mkalimani

Ibara ya 50 ya Katiba ya 2010 ina haki moja ambayo hunijia kichwani kila matokeo ya KCSE yanapotangazwa. Inasema mshtakiwa asiyeelewa lugha inayotumika kortini apewe mkalimani, tena bila malipo. Hata kama amepatikana na ng'ombe wa jirani mchana peupe, kesi haiendi mbele kama jamaa haelewi anachoulizwa. Kumhukumu mtu kwa swali ambalo hakulielewa si kumhukumu kwa kosa lake.

Sasa ingia chumba cha mtihani. Mtoto wa Dunga au Usenge, miaka kumi na minane, ameketi na karatasi ya Biolojia. Hukumu inayomngoja itamfuata kwa muda mrefu kuliko vifungo vingi. Mkalimani hana.

Tuelewane kwanza kuhusu neno "kumaliza". Kwetu, aliyefika kidato cha nne akafanya mtihani amemaliza shule, na kuku anaweza kuchinjwa. Lakini kumaliza si kupita. Katika KCSE ya 2024, waliopata C+ na zaidi, kiwango cha chini cha kujiunga na chuo kikuu, walikuwa 246,391, kama robo ya watahiniwa. Waliobaki wanatoka na herufi ambayo mwajiri ataisoma kama kipimo cha akili. Si ati wote hao waliangushwa na Kiingereza. Kuna karo, kuna njaa, kuna shule zisizo na maabara. Swali langu ni dogo kuliko hapo: yule aliyejua jibu ila hakujua swali, D yake inasema ukweli gani?

Kuna msichana wa Nyalenda ninayemsaidia masomo wakati wa likizo. Babake ni mvuvi. Swali moja la marudio lilianza na "account for", yaani eleza sababu. Akaniuliza, akaunti ya nani? Tukacheka. Halafu nikamuuliza kwa ule mchanganyiko wetu wa Dholuo na Kiswahili: magugumaji yakifunika ziwa, kwa nini samaki hufa? Wee! Aliongea bila kupumua. Chini ya zulia lile maji hukosa hewa. Ngege hukimbia au hufa, lakini kamongo hubaki, kwa sababu yeye hupanda juu kuvuta pumzi. Na magugu yakianza kuoza, mambo huwa mabaya zaidi. Kwenye karatasi, nafasi ya jibu ilikuwa nyeupe.

Najua pingamizi. Kujua kwamba maji hukosa hewa si sawa na kujua jinsi mwanga unavyozuiwa, na jinsi bakteria wanaoozesha majani wanavyomaliza oksijeni. Ni kweli, na mimi sipendi zile sifa za kumwambia mtoto wa mvuvi kwamba ziwa ni darasa tosha. Bakteria hawaonekani kutoka kwenye mtumbwi. Kumvusha hapo ndiyo kazi ya shule. Lakini mtu huvushwa kutoka mahali aliposimama. Tangu ripoti ya Gachathi ya 1976, sera imekuwa lugha ya eneo hadi darasa la tatu, kisha Kiingereza kuanzia la nne. Yaani pale mtoto anapoacha kujifunza kusoma na kuanza kusoma ili ajue mambo, ndipo tunambadilishia lugha. Mjini, wengi hata hiyo miaka mitatu hawaipati.

Pingamizi gumu zaidi lilitoka kwa babake. "Nyathina," aliniambia, "Dholuo mimi nitamfundisha bure. Shule nalipa ili apate Kizungu." Hapo sikuwa na la haraka. Mzee ana haki: barua za kazi, mikataba, fomu za mkopo, karibu zote ni Kiingereza. Na wanaomwona mateka wa ukoloni, wengi wao watoto wao wako shule za kibinafsi wakikimung'unya. Ila nadhani amelipia vitu viwili akidhani ni kimoja. Kujifunza Kiingereza kuna somo lake na mtihani wake. Akianguka Kiingereza, aanguke Kiingereza. Mbona aanguke pia Biolojia, Jiografia na Fizikia? Hata kortini mtu hashtakiwi mara mbili kwa kosa moja.

Kiswahili nacho si dawa ya kila kitu. Kwa mtoto wa Usenge, hiki ninachoandika pia ni lugha ya shule. Lakini Ibara ya 7 inakiita lugha rasmi, sawa na Kiingereza, na kwa wengi wetu kiko karibu zaidi na mdomo.

Kinachonikera ni kwamba mkalimani tayari tunaye. Katika madarasa niliyoketi, mwalimu wa Kemia aliandika ubaoni kwa Kiingereza, akageuka, akaeleza kwa Kiswahili na Dholuo mpaka watu wakatikisa vichwa. Mtihani ukifika, anabaki nje. Wasioona huchapiwa karatasi za Breli na hakuna anayesema wanapendelewa. Kwa nini basi maagizo ya swali yasiandikwe pia kwa Kiswahili, na mtahiniwa akaruhusiwa kujibu kwa lugha rasmi anayoiweza?

Yule msichana hataiona siku hiyo. Mtihani wake ni Novemba. Kwa sasa tunakariri vitenzi: eleza, linganisha, toa sababu, taja. Jana tulimaliza vya Biolojia, kesho tunaanza vya Jiografia.