Kausha Kwanza



Mama unayepasua samaki aina ya mikeke asubuhi hii, tazama kisu chako. Usitazame makali. Makali kila mtu huyatazama. Tazama mpini, pale chuma kinapoingia ndani ya mti. Hapo ndipo maji yanapopita. Maji ya ziwa, maji ya samaki, maji ya kuoshea. Mti hunywa, huvimba. Jua la mchana huupiga, husinyaa. Unavimba, unasinyaa. Unavimba, unasinyaa. Mwishowe, ufa. Ndani ya ufa, kutu, na ile harufu isiyosikia sabuni.

Wengi hupaka mafuta ya mawese. Mawese ni matamu kwenye mboga ya sombe, sibishi. Lakini kwenye mpini hayakauki. Mkono unateleza, na baada ya muda yanachacha. Afadhali nta ya nyuki. Iyeyushe kwa moto mdogo, upake mpini uliopata joto la jua, usugue kwa kitambaa. Kwenye ncha, rudia. Ncha ya mti hunywa kuliko ubavu wake. Maji ya moto huiondoa nta, basi ikiisha, paka tena.

Ila kabla ya nta, kausha. Kausha kivulini, bila haraka. Ukipaka juu ya mti mbichi, hujazuia maji. Umeyafungia ndani. Nje unang'aa, ndani unaoza.

Ndugu msikilizaji, leo kazini kwako, ni jambo gani unataka kulipaka nta lingali bichi?