Nani Aliyeleta Wakana Mungu Kericho?

Huku kwetu hakuna kitu kinachoanza bila maombi. Mkutano wa wakulima kwenye kituo cha kununulia chai, harambee ya karo, mazungumzo ya mahari, hata kikao cha chama cha akina mama wanaoweka akiba: lazima mtu asimame, kofia zitoke vichwani, macho yafumbwe. Ukitoka Kericho mjini ukashika barabara ya Litein na Sotik hadi Bomet, utachoka kuhesabu mabango ya makanisa kabla hujachoka kutazama chai. Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu, lililowekwa wakfu mwaka 2015, lina nafasi ya waumini 1,500 hivi. Mgeni akipita tu, angesema habari za watu kumkana Mungu ni shida ya Ulaya, si ya huku.

Lakini ukiingia ndani ya makanisa hayo Jumapili utasikia hofu. Vijana wanapotea. Chuo kikuu kinawaharibu. TikTok inawafundisha kwamba hakuna Mungu. Mimi ni Mkristo, nimelelewa kwenye viti hivyo na bado nakaa hapo. Sisemi hofu hiyo haina msingi. Nasema tu kwamba tumekuwa tukipiga kelele juu ya huyu mkana Mungu bila kujiuliza maswali mawili: alitoka wapi, na sisi tunaomwamini Mungu tuna wajibu gani kwake?

Tuanze na hesabu. Sensa ya mwaka 2009 iliwapata Wakenya 922,128 wasio na dini. Sensa ya 2019 iliwapata 755,750 waliosema hawana dini au hawaamini Mungu. Katika miaka hiyo kumi, idadi ya watu nchini ilipanda kutoka milioni 38.6 hadi milioni 47.6. Maana yake ni kwamba wasio na dini walishuka kutoka kama asilimia 2.4 hadi asilimia 1.6. Kama haya ndiyo mafuriko tunayoonywa, basi ni mafuriko yanayopungua maji.

Lakini sote tunajua jinsi sensa inavyofanyika. Karani anabisha, anauliza mwenye boma, na baba anajibu kwa niaba ya kila aliyelala humo usiku ule. Dini? Wakristo, wote. Hakuna anayemgeukia kijana aliye kwenye kona na simu yake kumuuliza, na wewe je? Kwa hiyo sijui kama tunapaswa kufurahia tarakimu hizo. Pengine hazipimi imani ya watu. Zinapima ni nani anayejibu mlangoni.

Na hapo ndipo jambo lenyewe lilipo. Kinachotutisha hasa ni yule asiyeamini akianza kujibu mwenyewe, kwa sauti. Mwaka 2016 Atheists in Kenya Society ilisajiliwa rasmi na serikali. Haikupita hata nusu mwaka usajili ukasimamishwa kwa hoja kwamba umezua wasiwasi kwa umma. Jambo hilo likafika mahakamani, na mwishowe chama kikaendelea na kazi zake. Katiba ya 2010 haikuacha nafasi kubwa ya kubishana: Kifungu cha 8 kinasema nchi haina dini ya taifa, na Kifungu cha 32 kinampa kila mtu uhuru wa dhamiri na wa dini. Halafu mwaka 2021 chama hichohicho kikatangaza kwamba katibu wake amejiuzulu kwa sababu amempata Yesu. Wakristo tulishangilia sana! Lakini hebu tujiulize tulikuwa tunashangilia nini. Mtu alifikiri, akabadili mawazo, akasema wazi, na hakuna aliyemzuia. Uhuru uliomruhusu kuingia kanisani ndio unaomruhusu mwingine kutoka. Huwezi kuupigia makofi ukielekea upande mmoja tu.

Sasa nirudi kwenye swali la kwanza. Kabla ya wamishonari kufika milima hii, Wakipsigis walimjua Asis. Jina lenyewe linakwenda sambamba na jua. Watu walikusanyika mahali pa ibada, kapkoros, wakaomba kama jamii: mvua, watoto, ng'ombe, amani. Nijuavyo mimi, hakuna aliyekuwa akimuuliza jirani yake, "Wewe unamwamini Asis?" Lingekuwa swali la ajabu, kama kumuuliza mtu kama anaamini jua. Ulikuwa wa watu wako kwa kuzaliwa, na kwa kupitia tumdo pamoja na rika lako. Ibada ilikuja na hayo yote. Haikuwa jambo la mtu kuketi peke yake na kuamua.

Ni wamishonari walioleta swali jipya: wewe, binafsi, umeamua nini? Umeokoka? Swali hilo linahitaji jibu kutoka kinywa kimoja. Baba hawezi kukujibia, wala ukoo, wala rika. Waliojibu ndiyo mara ya kwanza walionekana na wazee wao kama watu waliotupa kila kitu. Walikataa pombe ya sadaka na wakajitenga na baadhi ya mila. Machoni pa boma zima, hao ndio waliokuwa wamemkana Mungu.

Haikuwa mara ya kwanza kwa Wakristo kuitwa hivyo. Katika dola la Kirumi, Wakristo walishtakiwa kwamba ni wakana Mungu kwa sababu hawakuitolea sadaka miungu ya mji. Justin Mfiadini aliandika utetezi katika karne ya pili akilikabili shtaka hilo moja kwa moja. Polycarp, askofu mzee wa Smirna, aliambiwa aokoe maisha yake kwa kuwalaani "wakana Mungu", yaani watu wake mwenyewe. Alichotakiwa kufanya kilikuwa kidogo tu: maneno mawili matatu, uvumba kidogo, halafu aende nyumbani. Tunamheshimu hadi leo kwa sababu alikataa kusema asichokiamini.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la nani aliyeleta wakana Mungu Kericho ni hili: ni sisi. Simaanishi unafiki wetu tu, ingawa huo nao nitaufikia. Namaanisha kwamba Injili yenyewe, ilipoingia hapa, ilifanya imani kuwa jambo la mtu kulikubali kwa moyo wake. Na mlango wa "naamini" hauwezi kufunguliwa bila kufungua pia ule wa "siamini". Mkristo anayetaka kuufunga huo wa pili kwa nguvu za serikali, za ukoo au za aibu, anabomoa nyumba anayokaa.

Hili si suala la vitabu tu. Desemba moja tulikutana kama ukoo kuzungumzia mambo ya shamba, na baba mdogo akamwomba binamu yangu atufungulie kwa maombi. Binamu amesomea uhandisi Nairobi. Akasema kwa upole, "Baba mdogo, naomba mwingine aombe. Mimi siamini tena, na sitaki kuigiza." Nyumba ilinyamaza. Kogo, ambaye ndiye mzee kuliko wote pale, akaomba mwenyewe, tena maombi marefu, kisha mkutano ukaendelea. Jioni baba mdogo alinivuta kando. "Si angefumba macho tu aseme maneno mawili? Kwani angekufa?"

Hoja ya baba mdogo si ya kipuuzi. Maombi kwetu si mafundisho ya dini peke yake. Ni namna ya kusema tuko pamoja, tumetulia, hakuna aliyekuja na kisu. Anayekataa kuomba anaonekana kama amekataa watu. Ndiyo maana naona binamu ana wajibu wake: asimame wengine wakisimama, avue kofia, anyamaze, asitabasamu kwa dharau. Hiyo ni heshima, na heshima haimlazimu mtu kuamini.

Lakini kuongoza maombi ni jambo jingine. Ni kuzungumza na Mungu kwa niaba ya watu. Kama binamu yuko sahihi na hakuna anayesikiliza, basi uongo wake haumfikii mtu yeyote juu. Ni sisi tunaoamini kwamba kuna anayesikiliza. Kwa hiyo tunapomwambia "sema tu", tunamwomba amdanganye Mungu wetu mbele ya macho yetu ili sisi tusione haya. Sasa hapo, kati yake na sisi, nani amemchukulia Mungu kwa uzito zaidi?

Huko ndiko ninakoona hatari kubwa kuliko TikTok. Kuna ukana Mungu wa mdomo, na kuna ukana Mungu wa mikono. Mwaka 2023 BBC ilitoa makala kuhusu mashamba makubwa ya chai huku kwetu, ambamo zaidi ya wanawake 70 walisimulia jinsi walivyodhulumiwa kingono na wasimamizi wao. Mwanamke anahitaji kazi ili watoto wale, na mwenye kugawa kazi anataka mwili wake. Katika eneo ambalo karibu kila mtu hujiandikisha Mkristo, ni vigumu kuamini kwamba waliofanya hivyo wote walikuwa wamesoma vitabu vya kumpinga Mungu. Wahubiri wetu wanaipenda sana ile zaburi inayomwita mpumbavu yule anayesema moyoni kwamba hakuna Mungu. Ukiisoma hadi mwisho utaona haishughuliki na mwanafunzi mwenye maswali. Inashughulika na watu wanaowala wanyonge na kuishi kana kwamba hakuna atakayewauliza. Huyo anaweza kuwa na Biblia kubwa na kiti cha mbele.

Vijana wanaona haya. Waliona zaidi ya miili 400 ikifukuliwa Shakahola. Waliona magunia ya pesa za wanasiasa yakipokewa madhabahuni, na mwaka 2024, wakati wa maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, wakaliuliza kanisa liko upande wa nani. Baadaye mwaka huohuo Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikataa mchango wa mamilioni kutoka kwa Rais, na nilisikia vijana wasiokanyaga kanisani wakilisifu. Bado kuna kitu wanakitarajia kutoka kwetu.

Nisieleweke vibaya. Siandiki haya ili nimpe binamu ushindi. Nadhani amekosea, na nimemwambia. Aliposoma habari za wale wanawake wa mashamba ya chai, alikasirika kuniliko. Hakusema "sipendi jambo hili". Alisema ni uovu. Nikamuuliza uzito wa neno hilo anautoa wapi. Akajibu kwamba sisi binadamu tumekubaliana jinsi ya kutendeana. Lakini makubaliano yamewahi kuwa mabaya. Mwaka 1934 wakoloni walitunga sheria, wakawaondoa watu wa ukoo wa Talai hapa Kericho na kuwapeleka Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria, wazee kwa watoto. Kila karatasi ilitiwa sahihi ipasavyo. Ikiwa haki ni yale tuliyokubaliana wenye nguvu, Talai hawakudhulumiwa. Mimi naamini walidhulumiwa siku ileile, hata kama hakuna mtu hata mmoja duniani angekiri, kwa sababu kuna anayemwona mtu kabla ya sheria kumwona. Binamu anasema hayo ni matamanio yangu. Tunaendelea kubishana, mara nyingi kwa WhatsApp, mara nyingi usiku.

Anaponiuliza imani hiyo imezaa nini, namtajia Tenwek. Wamishonari walianzisha huduma ya matibabu pale Bomet mwaka 1937, na kwa zaidi ya miaka 20 wauguzi waliibeba hadi daktari wa kwanza wa kudumu, Ernest Steury, alipofika mwaka 1959. Hicho si kithibitisho kwamba Mungu yupo, na binamu ni mwepesi wa kunikumbusha. Lakini ni jibu la aina ambayo anaweza kwenda kuitazama kwa macho yake.

Yesu alisimulia habari za baba aliyewatuma wanawe wawili shambani. Mmoja alisema siendi, kisha akaenda. Mwingine alisema naenda, bwana, na hakwenda. Akauliza ni yupi aliyefanya alivyotaka baba. Watu wa chai hatuhitaji kufafanuliwa hadithi hiyo. Tunajua jioni mizani hupima majani, haipimi ahadi za asubuhi.

Basi kama wewe ni kijana uliyeacha kuamini na Desemba utarudi nyumbani, sema ukweli wako taratibu, na uvue kofia wengine wakiomba. Na sisi wa kanisani, tuwaache vijana wetu waseme hapana bila kuwafukuza mezani, halafu tukaangalie tunawalipa nini wanaotuchumia chai, na nani anawagusa huko mashambani. Binamu bado ananiuliza maswali. Siku atakayoacha kuniuliza ndiyo nitaanza kuogopa.