Mwalimu, Kabla Hujawapandisha Mlimani

Mwalimu mwanangu, ratiba yako nimeipitia. Kidato cha tatu, vijana wa miaka 15 na 16, siku tatu Marangu. Kuamka saa kumi alfajiri, mchakamchaka, kupanda mlima hadi kituo cha Mandara, kuvuta kamba, mdahalo, kisha moto wa jioni mpaka saa sita usiku. Na juu kabisa umeandika kwa herufi kubwa: LENGO NI KUJENGA USHUJAA. Mimi nimestaafu, na maneno haya nimewaambia walimu wengi mpaka mdomo umechoka. Lakini umeniuliza kwa adabu, basi nitayasema tena, taratibu.

Safari yenyewe siipingi. Siku hizi ukimtajia mzazi kambi, anachokijua ni ile ya mitihani: magodoro yametandazwa darasani, watoto wanakesha na maswali ya miaka iliyopita, wanakula maharage yale yale hadi Novemba ipite. Wewe umewafikiria msitu na hewa safi. Hongera, na mkuu wako wa shule akinuna, mwambie nimekuunga mkono.

Ila usiige mambo kwa kuyaona kwenye picha. Najua umesoma habari za Baden-Powell, aliyezikwa Nyeri mwaka 1941, na kambi yake ya majaribio kisiwani Brownsea mwaka 1907, alipowachanganya watoto wa wenye nazo na watoto wa vibarua. Labda umemsoma pia Kurt Hahn, ambaye mwaka 1941 alishiriki kuanzisha shule ya kuwakomaza vijana huko Aberdovey, Wales, wakati vijana wa melini walipokuwa wakifa baharini katika vita. Shule ya namna hiyo ikaja kufunguliwa Loitokitok, upande wa Kenya wa mlima huu huu wetu wa Kilimanjaro. Sawa. Lakini kuwatoa vijana nyumbani na kuwaweka porini hatukufundishwa na wageni. Jando na unyago vilikuwapo, na kumbini mwari hakuachwa peke yake. Alikuwa na kungwi, mtu mzima anayejua kama amekula, kama kidonda kinapona, kama amelia usiku. Sisemi ya kumbini yote yalikuwa mema. Kulikuwa na viboko na vitisho nisivyotamani virudi, na katika baadhi ya makabila wasichana walipitishiwa kisu ambacho sheria yetu ya 1998 imekikataza. Hayo yaache yalikolala. Kungwi ndiye ninayemtaka. Katika karatasi yako nimewaona walimu wa chakula, wa usafiri na wa michezo. Sijaona mahali palipoandikwa kwamba watoto hawa wanane ni wa mwalimu fulani, awajue kwa majina na awatazame nyuso kila asubuhi.

Sasa usingizi. Umewaachia saa nne. Mwili wa umri ule huchelewa kuita usingizi, ni maumbile ya balehe wala si ukaidi, na bado unahitaji saa 8 hadi 10. Ukimnyima usiku wa kwanza, siku ya pili anakuwa na hasira, anagombana na rafiki yake kwa sababu ya kijiko, na miguu yake haina akili kwenye njia yenye mizizi na tope. Futa mchakamchaka. Wanapanda mlima, wanakimbia alfajiri kwa ajili ya nani?

Kuhusu mlima, nitakuomba uvumilie nikirefusha kidogo. Lango la Marangu liko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, Mandara ni kama mita 2,700. Wengi watafika wakiimba. Lakini maradhi ya mwinuko yanaweza kumwanza mtu tangu kwenye mita 2,500: kichwa kinauma, chakula kinamchukiza, anataka kutapika. Anayezidiwa hupona kwa kuteremshwa, na kila dakika unayombembeleza akaze mwendo unamwongezea. Mvua ya msituni nayo haisubiri masika, na sweta la shule likilowa linakaa baridi mgongoni mpaka jioni.

Kisha kuna selimundu. Nchi yetu ni miongoni mwa zile ambako watoto wengi zaidi duniani huzaliwa nayo, kwa hiyo usiseme darasani kwako haimo. Baridi, uchovu, kukosa maji na hewa nyepesi ya juu vinaweza kumwamshia mtoto maumivu makali ya mifupa huko huko njiani, mbali na gari. Huyo anahitaji ruhusa ya daktari wake, siyo sahihi ya mzazi peke yake. Mwenye pumu na mwenye kifafa waulizwe pia, na dawa zao wapande nazo. Lakini uliza kwa mzazi, faragha, wiki kadhaa kabla. Ukisimama mstarini ukasema "mwenye ugonjwa anyooshe mkono," hakuna mkono utakaouona. Mtoto wa miaka 15 atauficha ugonjwa wake ili asiachwe na wenzake.

Ndiyo maana lile neno lako la herufi kubwa linanitia wasiwasi kuliko mvua. Vijana wa umri huu wakijua wenzao wanawatazama, huthubutu mambo ambayo wakiwa peke yao wangeyaacha. Hilo limepimwa na wataalamu, nasi walimu tulikuwa tunaliona kila siku kwenye ukuta wa bweni. Ukishatangaza kwamba tumekuja kupima mashujaa, umemwambia mwenye kichwa kinachouma anyamaze. Atanyamaza kweli, na utajua anaumwa siku atakapoanguka. Kwenye basi la kurudi utasikia jina jipya limeshatungwa, na jina hilo litamfuata mpaka kidato cha nne. Kuna watu wazima hapa Moshi hawaitwi majina waliyobatizwa kwa sababu ya mambo kama hayo, na hawacheki unapowaita.

Kwa hiyo fanya hivi. Kurudi nyuma kuandikwe ndani ya ratiba, kama chai inavyoandikwa. Mteue mwalimu wa kuteremka na wanaochoka, na asiwe yule mvivu anayetafuta kisingizio. Awe yule wanayempenda kuliko wote, yule wa hadithi na vichekesho. Watakaorudi naye wawe na shughuli yao ya maana huko chini, na mtakapokutana jioni usianze kwa kuuliza nani kafika.

Mengine nayataja haraka kwa kuwa unayajua, ila hayapo kwenye bajeti. Taulo za kike, na mahali pa kuzitupa bila msichana kupita mbele ya wavulana. Wapo wachache ambao bado hukojoa kitandani kwa umri huo. Mpe kungwi wao shuka la akiba na amri ya kutosema neno. Maji ya kunywa yatoshe. Viboko, hapana.

Na moto wa jioni uache, ila uishe mapema. Pale ndipo kambi inapofanya kazi yake, maana hakuna simu, kuna giza, na watoto hawatazamani machoni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mmoja kati ya vijana saba wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Hesabu viti vya basi lako ugawanye kwa saba. Kuna mtoto atakuja kukaa karibu nawe wenzake wakienda kulala, aanze kwa kukuuliza jambo la kipuuzi, kwa mfano basi litaondoka saa ngapi. Mjibu, kisha usiinuke.

Akikueleza kwamba nyumbani anapigwa, au kuna mtu anamchezea mwilini, au amechoka kuishi, usimhubirie. Usimwahidi siri pia, kwa maana hutaweza kuitunza. Mwambie umemwamini, na kwamba kuna watu wawili watatu itabidi uwaambie ili asaidiwe, kisha umtajie ni akina nani. Wa mawazo ya kujidhuru asiachwe peke yake usiku huo. Ofisi ya ustawi wa jamii ipo wilayani, polisi wana dawati la jinsia na watoto, na simu ya mtoto ni 116, haina malipo. Ziandike namba zao zote kwenye karatasi uziweke mfukoni kabla ya kuondoka, kwa sababu huko msituni mtandao hukatika. Na mtakaporudi, nenda kwenye ofisi hizo siku ile ile, hata kama mkuu wa shule anataka kwanza ripoti ya matumizi ya mafuta ya basi.