Subira ya Mwenye Sindano

Katika baraza letu la masomo liliulizwa suali ambalo halikupata jawabu usiku ule, nasi twaona ni haki kulileta mbele ya wasomaji wetu. Mtu aliyepatwa na dhiki, akaketi nyumbani kwake akashughulika na kazi ya mikono, je, huko ndiko kusubiri, au ni kuikimbia dhiki yake? Walikuwako waliosema kwamba subira ni kunyamaza na kungoja, na kwamba mwenye kujishughulisha hutafuta kusahau tu. Sisi hatukuridhika na kauli hiyo, na sababu yetu tutaieleza kwa mfano wa watu walio mbali nasi kwa safari, lakini si mbali kwa asili.

Huko Bara Hindi, katika wilaya ya Uttara Kannada, jimbo la Karnataka, waishi watu waitwao Masiddi. Ni wazao wa Waafrika, ambao wengi wao walichukuliwa utumwani kutoka pande hizi za mashariki ya Afrika wakapelekwa Goa katika zama za Wareno. Na waliotoroka wakakimbilia misitu ya milimani, wakafanya maskani huko. Miongoni mwao wamo Waislamu, na Wakristo, na wafuatao dini ya Kihindu. Wanawake wao hushona mifarishi ya viraka iitwayo kawandi, ya kulalia na kujifunika, kwa nguo zilizokwisha kuchakaa: sari iliyopauka, shati lililombana mtoto, kipande cha shuka. Kinachonunuliwa ni kidogo mno.

Namna ya ushoni wao ndiyo iliyotushika. Mshonaji haanzi katikati. Hutandika kitambaa cha chini, akaanza kwenye pindo, akazunguka pande zote nne kwa bandi ndogo ndogo, kiraka baada ya kiraka, akiingia ndani kidogo kidogo hata akafika kati. Anapokuwa ukingoni huenda asijue bado kiraka cha kati kitatoka katika nguo gani. Na kwenye pembe nne hutia vipande vilivyokunjwa, rangi juu ya rangi, viitwavyo phula, yaani maua. Maua hayo hayazidishi joto, lakini mfarishi usio nayo, kwao wao, ni kama ulio uchi.

Basi na tuangalie. Mwenye deni kubwa, au aliyefiwa na mume akaachiwa watoto, hana uwezo wa kulifikia tumbo la msiba wake kwa siku moja. Akilielekea moja kwa moja, hushindwa. Akilipa mgongo, humfuata. Lakini ukingo wake anaufikia: chakula cha jioni, ada ya mwezi, bandi ya usiku huu. Tena huyu mshonaji hakuikimbia dhiki hata kidogo, kwani nguo aliyoishika mkononi ndiyo dhiki yenyewe. Lau angalikuwa na pesa angalinunua blanketi. Ameutwaa ufukara wake, akaukata vipande, akaupanga upya, na watoto wakalala chini yake. Hatujui mtu anaweza kuukabili ufukara kwa karibu zaidi ya hivyo.

Mwenzetu mmoja, ambaye huona israfu hata katika tone la mafuta, aliuliza: na hayo maua ya pembeni, yana faida gani kwa maskini? Tulimwambia kwamba hayo ndiyo yenye faida kuliko viraka vyote, kwa kuwa yaonyesha kuwa dhiki haikumchukua mtu huyu mzima mzima. Hakuridhika. Twamwacha na mafuta yake.

Lakini hapa yatupasa kujihadhari, nasi twajisema nafsi zetu kwanza. Kuisifu subira ya mwanamke ni jambo jepesi kwa asiyeshika sindano. Katika miji yetu ya pwani wako mama na dada zetu washonao kofia nyumbani kwa mkono, tundu kwa tundu, na kofia moja nzuri huweza kuchukua wiki nyingi, hata miezi. Macho huuma, mgongo huuma, na kazi hiyo huja baada ya kupika na kufua na kulea. Kisha atokee mnunuzi aseme, "Kazi ya nyumbani hii, ni burudani yenu," apunguze bei. Na huyo huyo, akikaa barazani, amsifu mshonaji kwa subira yake. Amekula ujira wa mtu, akamlipa sifa.

Wale wanawake wa Kisiddi walifanya ushirika wao mwaka 2004, ili mifarishi yao iuzwe na pato liwafikie wenyewe. Hatuoni kwamba kwa kutaja bei walipungukiwa na subira. Subira ni mali ya mwenye nayo, autumie moyo wake apendavyo. Mwenziwe hana idhini ya kumkadiria kiasi chake, sembuse kujipatia faida kwayo.

Baraza lilipokaribia kuvunjika, mmoja wetu aliulizwa kofia aliyovaa ilishonwa na nani, kwa muda gani, na aliyeishona alilipwa nini. Aliivua akaigeuza, akaitazama kwa ndani. Alisema atakwenda kuuliza.